Kutoka Kutengeneza hadi Kubadilisha: Historia ya Utambuzi na Ukarabati wa Hitilafu za Skrini za Kompyuta Mpakato, 1982–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya utambuzi na ukarabati wa hitilafu za skrini za kompyuta mpakato kuanzia mwaka 1982 hadi 2024. Uchunguzi umejikita katika muundo wa skrini zenyewe, viwango vya kimataifa vya kiufundi, sheria zinazohusu ukarabati, na maandishi ya historia ya teknolojia. Hoja inayotetewa ni kwamba kuhama kwa fundi kutoka kutengeneza sehemu ndogo hadi kubadilisha skrini nzima hakukufuta ujuzi wake, bali kulihamisha uzito wa ujuzi huo kutoka mkononi hadi kwenye utambuzi. Insha inaonesha kuwa utambuzi huo umesimama juu ya maswali matatu yanayohusu picha, mwanga na njia ya mawasiliano, na kwamba kila badiliko la muundo limebadilisha namna ya kuyajibu. Inahitimishwa kuwa tishio kubwa kwa fundi wa leo ni miundo inayomnyima nafasi ya kulinganisha kipande kimoja na kingine.

1.0 Utangulizi

Katika karakana za Afrika Mashariki, mteja anayefika na kompyuta mpakato isiyoonesha picha kwa kawaida husema maneno mawili tu: "Kioo kimekufa." Kauli hii ni fupi, lakini inabeba mambo matatu tofauti. Huenda kioo chenyewe, yaani paneli inayounda picha, kimeharibika. Huenda paneli ni nzima, ila taa inayoiangaza kutoka nyuma imezimika. Au huenda paneli na taa ni vizima, ila njia inayoleta taarifa na umeme kutoka kwenye bodi mama imekatika. Gharama ya hitilafu hizi hazilingani hata kidogo. Mteja anayenunua skrini mpya wakati kilichokatika ni kebo, au wakati fyuzi ndogo ndiyo iliyoungua, amelipia neno na si hitilafu.

Insha hii inalichukulia tatizo hilo kama suala la kihistoria. Je, maswali matatu ya fundi yalitoka wapi? Kwa nini kipindi kimoja kiliruhusu sehemu ndogo kutengenezwa na kipindi kingine kikadai kipande kizima kibadilishwe? Na nani alibeba gharama ya mabadiliko hayo?

Historia ya teknolojia imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya uvumbuzi. Edgerton (2006) aliupinga mwelekeo huo na kuwataka wanahistoria watazame teknolojia inayotumika, pamoja na matunzo yanayoiwezesha kuendelea kutumika. Jackson (2014) alikwenda hatua moja mbele kwa kupendekeza kwamba kuharibika na kurekebishwa kwa vitu kuwe mahali pa kuanzia fikra zetu kuhusu teknolojia. Kwa upande wa Afrika Mashariki, King (1996) alionesha kwamba mafundi wa jua kali nchini Kenya ni sehemu ya historia ya uchumi, wala si pambizo lake. Insha hii inafuata njia hiyo. Inasoma historia ya skrini kutoka mezani kwa fundi.

Mipaka ya insha ni skrini za fuwele kioevu. Skrini za umeme-mwanga zinatajwa pale tu zinaposaidia ulinganisho. Istilahi "kompyuta mpakato" inatumika kwa maana ileile ambayo maandishi mengi ya Kenya huiita "kipakatalishi".

2.0 Skrini Kabla ya Taa ya Nyuma

Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akifanya kazi Prague, alibaini kwamba dutu moja itokanayo na kolesteroli ilikuwa na viwango viwili vya joto la kuyeyuka. Katikati ya viwango hivyo ilikuwa kioevu, lakini iliupitisha mwanga kama fuwele. Mwanafizikia Otto Lehmann aliendeleza uchunguzi huo. Matumizi yake katika skrini yalisubiri miaka themanini. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani, kupitia kundi la George Heilmeier, ilitangaza kifaa cha kwanza cha kuonesha taarifa kwa fuwele kioevu. Desemba 1970, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich wa kampuni ya Hoffmann-La Roche nchini Uswisi waliomba hataza ya muundo wa fuwele zilizosokotwa. Miaka michache baadaye, George Gray na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walipata fuwele zilizodumu katika joto la kawaida la chumba.

Jambo moja katika kanuni ya muundo huo ndilo lililotawala kazi ya fundi tangu hapo. Fuwele kioevu haitoi mwanga. Kazi yake ni kuugeuza mwelekeo wa mwanga unaopita kati ya vichujio viwili. Umeme unapowekwa, fuwele hubadili mpangilio wake, na mwanga huzuiwa au huruhusiwa. Kwa hiyo picha na mwanga ni vitu viwili, na kila kimoja kinaweza kufa peke yake. Hali hii haikuwepo katika skrini za mirija ya kathodi, kama ile ya Osborne 1 ya mwaka 1981, wala katika skrini ya umeme-mwanga ya GRiD Compass ya mwaka 1982. Katika mashine hizo, kinachochora picha ndicho pia kinachotoa mwanga.

Kompyuta za kwanza za kubebeka zilizotumia fuwele kioevu hazikuwa na taa ya nyuma. Toshiba T1100 ya mwaka 1985 ilitegemea mwanga wa chumba uliorudishwa na uso wa nyuma wa skrini. Macintosh Portable ya mwaka 1989 nayo iliuzwa bila taa, hadi toleo lenye taa lilipotolewa Februari 1991. Katika kipindi hiki, swali la kwanza la utambuzi lilikuwa kama kilichoonekana ni hitilafu au ni tabia ya kifaa. Picha hafifu ilitokana mara nyingi na gurudumu la kurekebisha ukolezi kuwekwa vibaya. Baridi iliifanya fuwele kuwa nzito na picha ikachelewa kubadilika; joto kali lilitia giza sehemu za skrini. Katika skrini zilizoendeshwa kwa gridi tupu ya mistari bila transista, kivuli kilichofuata mshale au kurefuka kando ya herufi nzito hakikuwa ugonjwa. Yalikuwa maumbile ya muundo huo. Fundi aliyeifungua mashine ili kutafuta chanzo cha kivuli hicho alitafuta kitu kisichokuwepo.

Mpaka kati ya tabia na hitilafu ulizidi kuwa mgumu skrini zenye transista kwa kila nukta zilipoenea. ThinkPad 700C ya IBM, iliyotoka mwaka 1992, ilikuwa na skrini ya rangi ya aina hiyo yenye inchi 10.4. Skrini ya rangi yenye nukta 640 kwa 480 inahitaji transista tatu kwa kila nukta, moja kwa kila rangi ya msingi. Jumla yake ni transista 921,600. Kutengeneza idadi hiyo bila hata moja kuharibika kulikuwa kugumu na ghali, na mnunuzi alikutana na nukta iliyobaki nyeusi au iliyowaka daima.

Je, nukta moja iliyokufa ni hitilafu? Kiwango cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001 kilijibu kwa kuzigawa skrini katika madaraja manne. Katika daraja la pili, skrini iliruhusiwa kuwa na nukta mbili zinazowaka daima, mbili zilizozimika daima, na nukta ndogo tano zenye kasoro, kwa kila nukta milioni moja. Kwa mwanahistoria, kiwango hiki ni ushahidi wa wazi kwamba "hitilafu" si neno la fizikia peke yake. Ni mapatano kati ya kiwanda na soko kuhusu nani atavumilia nini. Nukta iliyokufa haikutengenezeka katika karakana yoyote, kwa hiyo mjadala wake haukufika mezani kwa fundi. Uliishia kwenye masharti ya dhamana.

3.0 Enzi ya Mrija na Inveta

Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, taa ya nyuma ilikuwa sehemu ya kawaida ya kompyuta mpakato. Taa yenyewe ilikuwa mrija mwembamba wa floresenti wenye kathodi baridi, unene wake ukiwa takribani milimita mbili, uliolazwa kwenye ukingo mmoja wa paneli. Mwanga wake ulienezwa nyuma ya skrini nzima kwa bamba la plastiki angavu. Mrija huo ulihitaji umeme mgeugeu wa mamia ya volti ili kuendelea kuwaka, na zaidi ya volti elfu moja ili kuanza. Betri haikuweza kutoa umeme wa aina hiyo. Kazi hiyo ilifanywa na inveta, bodi ndogo nyembamba iliyofichwa chini au kando ya skrini.

Hapa ndipo swali la mwanga lilipojitenga rasmi na swali la picha. Jaribio lililozaliwa na muundo huu ni rahisi. Mashine huwashwa katika chumba chenye giza kiasi, kisha tochi humulikwa kwenye skrini kwa pembe. Kama alama za programu zinaonekana kwa kufifia, paneli inachora picha na njia ya taarifa ni nzima; kilichokufa ni mwanga. Jaribio hilo halikuhitaji kifaa cha gharama wala kitabu cha siri. Lilihitaji fundi anayeelewa kwamba giza si lazima liwe ukosefu wa picha.

Baada ya tochi, fundi aliendelea kuchambua dalili. Skrini iliyoanza na wekundu na kuchukua muda kurudi katika weupe ilionesha mrija uliochoka. Skrini iliyowaka kwa sekunde moja au mbili kisha ikazimika ilionesha kwamba inveta ilianza kazi, ikahisi mzigo usio wa kawaida, ikajizima kwa kujilinda. Chanzo kingeweza kuwa mrija au inveta yenyewe, na jibu lilipatikana kwa kuunganisha mrija mwingine ulio mzima. Skrini isiyotoa mwanga hata kidogo ilimrudisha fundi nyuma zaidi, kupima kama umeme unafika kwenye inveta, kama fyuzi yake ni nzima, na kama amri ya kuwasha inatoka kwenye bodi mama. Katika hatua hii ilimbidi pia akumbuke swichi ya kifuniko. Swichi iliyokwama huiambia mashine kwamba kifuniko kimefungwa, na mashine huzima taa kama ilivyoagizwa. Hapo hakuna kilichoharibika isipokuwa swichi.

Kipindi hiki kilikuwa kilele cha ukarabati wa mkono. Inveta iliweza kubadilishwa peke yake. Fyuzi iliweza kulehemiwa. Fundi mwenye subira aliweza kuifungua paneli, kuutoa mrija wa zamani na kuweka mpya, huku akichunga vumbi lisiingie kati ya matabaka na kioo cha mrija kisivunjike, kwani ndani yake mlikuwa na zebaki. Kazi hiyo ilikuwa na hatari pia, kwa kuwa volti za inveta zilitosha kumuunguza asiye mwangalifu. Hata hivyo, muundo wenyewe ulimruhusu mtu kutibu kiungo bila kubadilisha mwili.

Kipindi hicho pia kilitoa fundisho kuhusu hitilafu zilizojificha nje ya skrini kabisa. Julai 2008, kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 za Marekani kwa ajili ya chipu zake za picha zilizokuwa zikiharibika kupita kiasi katika baadhi ya kompyuta mpakato. Chipu kama hiyo inapokufa, mtumiaji huona skrini nyeusi au yenye michirizi, na huihukumu skrini. Hukumu hiyo hupimwa kwa kuunganisha skrini ya nje. Picha ikiwa mbovu huko pia, kosa liko kwenye chipu, bodi au programu. Ikiwa nzuri, kosa limebaki kwenye kebo, paneli au taa, ingawa saketi ndogo ya bodi inayoihudumia skrini ya ndani haiwezi kuachwa bila kupimwa. Anayebadilisha skrini kabla ya jaribio hili anaweza kufunga skrini mpya kwenye mashine iliyokufa ubongo.

4.0 Kutoka Mrija hadi LED: Ujuzi Unapohama

Kampuni ya Nichia ya Japani ilitoa LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993, na LED nyeupe mwaka 1996. Msingi wa kisayansi wa LED ya buluu ndio uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Katika kompyuta mpakato, taa hizi zilionekana katika Sony VAIO TX ya mwaka 2005 na katika MacBook Pro ya inchi 15 ya Juni 2007. Sababu zilikuwa kadhaa: LED zilipunguza unene na matumizi ya betri, na hazikuwa na zebaki. Agizo la Umoja wa Ulaya la kuzuia vitu vyenye sumu katika vifaa vya umeme, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006, liliendelea kuiruhusu mirija yenye zebaki kwa misamaha, lakini liliiweka zebaki katika orodha ya vitu visivyotakiwa.

Kwa fundi, LED zilifuta inveta. Taa zilipangwa katika utepe kwenye ukingo wa paneli, na saketi inayoziendesha ikahamia kwenye bodi ndogo iliyobandikwa kwenye paneli yenyewe au kwenye bodi mama. Kipande kilichokuwa kikibadilishwa kwa bei ndogo hakikuwepo tena. Taa ilipokufa, njia ya kawaida ikawa kubadilisha paneli nzima.

Njia ya mawasiliano nayo ilibadilika. Kiwango cha LVDS kilichotawala tangu miaka ya 1990 kilianza kuachia nafasi kwa eDP, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa na shirika la VESA mwishoni mwa 2008. Desemba 2010, AMD, Intel, Dell, Lenovo na kampuni za paneli za Samsung na LG zilitangaza mpango wa kuachana na viwango vya zamani, Intel na AMD zikilenga kusitisha LVDS ifikapo 2013. Katika skrini nyingi za kawaida, kiunganishi cha pini 40 kilipisha kile cha pini 30. Kwa miaka kadhaa, mashine zilizofanana kwa nje zilihitaji skrini zisizoingiliana, na idadi ya pini peke yake haikutosha kuzitofautisha, kwa kuwa baadhi ya skrini za eDP zenye nukta nyingi pia hutumia pini 40.

Mabadiliko haya yamefasiriwa mara nyingi kama kushuka kwa ufundi: aliyekuwa analehemu sasa anafungua skrubu na kufunga kipande kipya. Insha hii inaona kwamba tafsiri hiyo inatazama mkono tu. Kipande kinapokuwa kikubwa na ghali, kosa la utambuzi nalo huwa ghali. Aliyekosea inveta alipoteza kidogo. Anayekosea paneli hupoteza thamani ya kazi nzima. Hivyo, maswali matatu yalizidi kuwa na uzito.

Swali la njia ndilo lililopanuka zaidi. Kebo ya skrini hupita kwenye bawaba, na hukunjwa kila kifuniko kinapofunguliwa. Skrini inayocheza, kupoteza rangi au kuzimika kifuniko kinapofika pembe fulani, kisha kurudi kifuniko kinaposogezwa, inashuhudia kuhusu kebo au kiunganishi. Dalili ya paneli ni tofauti: mstari wima usiobadilika hata kebo ikiguswa, au doa jeusi lililosambaa kama wino baada ya mashine kuangukiwa na kitu. Baadhi ya watengenezaji waliweka jaribio la ndani. Katika kompyuta nyingi za Dell, kushikilia kitufe cha D wakati wa kuwasha huiamuru paneli ioneshe rangi tupu, moja baada ya nyingine, bila kutegemea mfumo endeshi. Rangi zikionekana safi, paneli na taa zake zimejitetea.

Paneli yenyewe pia ikawa nyaraka ya kusomwa. Nyuma yake kuna namba inayotaja ukoo wake: herufi LP kwa LG, LTN kwa Samsung, B kwa AU Optronics, N kwa Innolux. Katika namba zinazoanza na LP156, LTN156, B156 na N156, tarakimu tatu zinasema inchi 15.6. Sehemu zinazofuata hutofautisha nukta, aina ya kiunganishi na mahali pa tundu za skrubu. Fundi anayesoma namba hiyo kabla ya kuagiza kipuri anafanya kazi inayofanana na ya mhakiki wa nyaraka: anathibitisha asili kabla ya kuamini sura.

Tahadhari mpya nayo ilizaliwa. Katika mifumo mingi, pini zinazopeleka umeme wa taa ziko karibu na pini za taarifa kwenye kiunganishi kimoja. Kuchomeka au kuchomoa kebo wakati betri bado imeunganishwa kunaweza kuunguza fyuzi ya taa kwenye bodi mama. Skrini mpya hubaki giza, na fundi huirudisha dukani akidhani ameuziwa mbovu. Hitilafu ya pili imetengenezwa na ukarabati wa ya kwanza. Ndiyo maana kutenga betri kabla ya kugusa kebo ni sehemu ya utambuzi: bila hatua hiyo, ushahidi huchafuliwa na mchunguzi mwenyewe.

5.0 Skrini Zilizogundishwa na Mwitikio wa Sheria

Juni 2012, Apple ilitoa MacBook Pro yenye skrini ya Retina. Paneli yake iliunganishwa na kifuniko kama kitu kimoja, hivyo paneli haikuweza kutolewa peke yake kwa njia ya kawaida. Mwelekeo huo ulifika ukingoni katika modeli za mwaka 2016. Katika baadhi ya mashine za inchi 13, kebo nyembamba ya taa ya nyuma ilichakaa kwa kukunjwa kila kifuniko kilipofunguliwa. Dalili zake zilikuwa mabaka ya mwanga chini ya skrini, kama taa za jukwaani, au skrini kuzimika kifuniko kilipofunguliwa zaidi. Mei 2019, kampuni ilianzisha mpango wa kuzirekebisha bila malipo mashine za inchi 13 za mwaka 2016 zilizohusika.

Kisa hiki kina uzito katika hoja ya insha. Utambuzi haukuwa mgumu: fundi alihitaji kusogeza kifuniko tu, na swali la njia likajibiwa. Lakini kebo ilikuwa sehemu isiyotenganishwa na skrini, kwa hiyo dawa rasmi ilikuwa kubadilisha skrini yote. Kwa mara ya kwanza katika historia inayochunguzwa hapa, jibu sahihi halikupunguza gharama. Aliyejua chanzo na asiyekijua waliandikiwa dawa ileile.

Mwitikio ulikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya usanifu: kampuni ya Framework ilianza kuuza mwaka 2021 kompyuta mpakato ambayo fremu yake ya mbele hushikwa kwa sumaku na skrini yake hubadilishwa na mtumiaji. Njia ya pili ni ya sheria. Ufaransa ilianza tarehe 1 Januari 2021 kuwataka wauzaji waoneshe alama ya urahisi wa kukarabatiwa, kati ya kumi, kwa bidhaa kadhaa zikiwemo kompyuta mpakato. Sheria ya jimbo la New York ilitiwa saini Desemba 2022. Sheria ya Oregon ya mwaka 2024 ilikwenda mbali zaidi kwa kuzuia watengenezaji kufunga vipuri kwa programu ili vikatae kufanya kazi kikamilifu katika mashine nyingine. Kipengele hicho kinagusa utambuzi moja kwa moja, kama sehemu inayofuata inavyoonesha.

6.0 Maana Yake kwa Karakana za Afrika Mashariki

Miundo iliyoelezwa hapo juu ilibuniwa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki, lakini maisha ya mashine hizo hayaishii huko. Sehemu kubwa ya kompyuta mpakato zinazofika kwenye meza za mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, au wa Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, zimekwisha kutumika kwingine na zimepita muda wa dhamana. Kwa hiyo vipindi vinavyofuatana katika historia ya kiwandani huishi pamoja mezani. Mashine yenye mrija na inveta inaweza kulala kando ya yenye LED na eDP, na fundi mmoja hulazimika kuwa na utaratibu wa zote mbili.

Zaidi ya hayo, karakana nyingi hazina hadubini wala kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme. Kifaa chao kikuu, pamoja na mita na tochi, ni mashine mbovu zilizowekwa kando. Skrini inayojulikana kuwa nzima huunganishwa kwenye mashine inayoshukiwa. Skrini inayoshukiwa huunganishwa kwenye mashine nzima. Hitilafu hufuata kipande au hubaki na mashine, na jibu hupatikana. Njia hii ya kubadilishana vipande hudharauliwa wakati mwingine kama kubahatisha. Kimantiki, ni jaribio lenye ulinganisho: kitu kimoja hubadilishwa, vingine vyote hubaki vilevile. Ubora wake unategemea nidhamu ya fundi, si bei ya vifaa vyake.

Ni njia hiyo hasa inayozuiwa na skrini zilizogundishwa na vipuri vilivyofungwa kwa programu. Kipande kisichotoka hakiwezi kulinganishwa. Kipande kinachotoka lakini kikakataa mashine ngeni hutoa jibu la uongo: kinaonekana kibovu ilhali ni kizima. Karakana iliyoidhinishwa na mtengenezaji ina programu za uchunguzi na ghala la vipuri, na inaweza kustahimili hali hiyo. Karakana ya mtaani, ambayo mashine zake mbovu ndizo maabara yake, hupoteza maabara. Mteja naye hupoteza mahali pa kupata maoni ya pili, na neno "kioo" hurudi kuwa hukumu isiyokatiwa rufaa.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa historia ya ukarabati wa skrini za kompyuta mpakato haiwezi kuelezwa kama anguko la ufundi. Skrini zisizo na taa zilimfundisha fundi kutofautisha tabia na hitilafu. Mrija na inveta vilitenganisha swali la mwanga na swali la picha. LED na viunganishi vipya vilifuta matengenezo mengi ya sehemu ndogo, lakini vilipandisha thamani ya swali la njia na ya kusoma namba za paneli. Katika kila kipindi, alichobadilisha fundi kilikuwa kikubwa kuliko cha awali, na alichopaswa kujua kabla ya kukibadilisha kiliongezeka pia.

Athari za matokeo haya ni mbili. Kwa watafiti, nyaraka za matengenezo, namba za vipuri na viwango vya kasoro zinastahili kusomwa kama vyanzo vya historia, kwa kuwa zinaonesha mahali ambapo mpaka kati ya kutengeneza na kubadilisha uliwekwa, na nani aliuweka. Kwa watunga sera na vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki, mafunzo ya ukarabati yanapaswa kuanza na utambuzi kabla ya ubadilishaji, na mijadala kuhusu haki ya kukarabati inapaswa kuitaja haki ya kulinganisha vipande kama sehemu yake. Mteja anayesema kioo kimekufa anastahili kuulizwa kwanza ni kipi kilichokufa kati ya picha, mwanga na njia, na anastahili mashine inayomruhusu fundi kulijibu swali hilo.